Suruali ya Korongo

Kabla ya saa tatu asubuhi Mama Korongo alikuwa ameshavunja sindano ya pili, na Bosi, mtu ambaye husikia sindano ikivunjika upesi kuliko anavyosikia mfanyakazi akiomba ruhusa, alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Mama Korongo, hiyo ni cherehani, si jembe."

"Kitambaa kigumu, Bosi. Hiki cha timu kinavutika, kinanikwepa."

"Kitambaa hakina neno. Sindano ndizo zimepanda bei. Uzi umepanda, umeme umepanda, hapa kilichobaki chini ni mimi tu." Akampa sindano nyingine shingo upande, kisha akalirudisha kopo lake la sindano mfukoni. "Saa saba gari la chama cha riadha linakuja. Nataka kila kitu kimekunjwa."

Karakana yao ilikuwa chumba kirefu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Cherehani zilipangwa safu mbili, mafundi wakitazamana, hivyo mtu hakuweza kulia wala kucheka bila jirani kujua. Dirisha moja lilifunguka. La pili lilipigiliwa misumari tangu walipoibiwa bitana. Kazi zao zilikuwa sare, za walinzi, za wauguzi, za wanafunzi. Wiki hii walikuwa na traksuti za timu ya riadha inayokwenda kushindana nje, koti la bluu lenye mstari mweupe na suruali yake. Bosi alikata, mafundi wa dirishani wakaunga mapande, Bi Vifungo akatia zipu, na mwisho kila kitu kikafika kwa Mama Korongo, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupiga pindo.

Na kwa sababu nyingine pia. Karakana nzima ilijua kwamba mwanawe ni mkimbiaji, na kwamba leo mchana ndizo mbio za mchujo za kuchagua timu. Bosi alisema mwenyewe, kwa ukarimu usiomgharimu kitu, kwamba mama ndiye amalizie nguo za timu ya mwanawe.

"Piga mshono wa nguvu hapo," Bi Vifungo alimwambia kutoka upande wa pili, zipu zikiwa zimemjaa mapajani. "Nisije nikasikia mkwe wangu amepasukiwa na suruali mbele ya wageni."

"Mkwe wako yupi? Mwanao hata kukimbilia kazi hawezi."

"Ndiyo maana nataka mke wa kumkimbiza."

Walicheka, na Mama Korongo alicheka kuliko wote, maana siku hiyo aliamka na moyo mweupe.

Mtoto aliitwa Korongo tangu alipokuwa shule ya msingi, siku aliyouruka mtaro ambao wavulana walikuwa wakiushuka na kuupanda kwa mikono. Miguu ilikuwa mirefu mno. Mama alimshonea sketi, baada ya muda mfupi ikawa kichekesho. Akateremsha pindo, pindo likaisha, akaunga kitambaa. Alipoambiwa mtoto ana mbio, aliona angalau miguu hiyo imepata kazi.

Tangu hapo hakulala asubuhi. Korongo alifanya mazoezi kabla ya jua kutoka, na siku moja wanaume wawili walimfuata mpaka karibu na daraja. Kesho yake mama akanunua baiskeli kuukuu kwa muuza maziwa aliyeacha biashara. Hakuwa amewahi kupanda baiskeli maishani. Alijifunza akiwa mtu mzima, kwenye kiwanja cha mpira, na mtaa ukapata pa kuchekea kwa wiki nzima. Akaanguka, akachubuka, akapanda tena. Mtoto akawa anakimbia mbele na mama anapiga pedali nyuma, tochi imefungwa kwenye usukani kwa mpira wa suruali, halafu anakwenda kazini magoti yakiwa yanamtetemeka. Kaptura za mazoezi alizishona kwa mabaki ya sare za wauguzi. Viatu vya misumari alivipata mtumbani, vikubwa, akavipunguza kwa ndani kwa soksi aliyoishonea bitana. Yai likipatikana nyumbani lilikuwa la Korongo. Mama alisema tumbo lake halipatani na mayai, uongo alioukariri mpaka tumbo lenyewe likauamini.

Halafu akatokea Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa kocha, lakini alipenda kuitwa hivyo. Alimwona Korongo kwenye mashindano ya shule za kata akamfuata mama mpaka nyumbani. "Shikamoo, mama," alisema mlangoni, kofia mkononi. "Mtoto huyu ni wetu sote wawili. Wewe umemzaa, mimi nitampeleka." Mama akapenda heshima yake. Kila Jumapili akawa anakula kwao, na sahani yake ilifunikwa hata alipochelewa. Akamshonea na koti. Koti lile lilimpa shughuli, maana Mwalimu alivunjika mtulinga, mfupa wa juu ya kifua, zamani na bega lake la kushoto limelala. Ilibidi alitie pamba upande mmoja ili asimame sawa mbele za watu. Alipolijaribu kwenye kioo alisema hajawahi kuvaa nguo iliyomsitiri hivyo, na mama hakukubali kupokea hata nauli.

Sasa asubuhi hiyo, kabla ya kwenda kazini, wakati anamkanda Korongo mashavu ya miguu kwa mafuta ya uvuguvugu, mtoto alimwambia:

"Mama, leo simalizi."

"Humalizi nini?"

"Mbio. Mwalimu anataka niwavute wenzangu mpaka kengele ya raundi ya mwisho, halafu nitoke. Mfadhili anakuja kuangalia, wanataka muda uwe mzuri."

"Na ukitoka, utachaguliwaje?"

"Nimeshachaguliwa. Nipo ndani tangu juzi. Anasema mtu aliye ndani hana haja ya kujichosha."

Mama akageuza mguu wa pili. Kisha akatabasamu. Hakujiuliza wale wengine wanakimbilia nini kama timu imeshajulikana. Ulikuwa ujanja wa kumfaa mwanawe, basi hakuona ubaya wake.

Kwa hiyo kule karakana, lilipomfikia koti la mwanaume lenye alama ya chaki kwenye bega la kushoto, alilitambua kabla hajalikunjua. Bosi alikuwa ameandika kwa chaki "pamba hapa". Mama Korongo alilipitishia kiganja lile bega, akacheka kimoyomoyo. Mwalimu anasafiri. Kocha akisafiri, anakwenda na mtu wake. Na mtu wa Mwalimu ni nani kama si Korongo? Alilishindilia pamba kwa mkono wake, mshono mdogo mdogo, kama anavyomshonea mtu wa nyumbani.

Ndipo zikaja suruali za wasichana.

Fundi mwingine angezipiga pindo tu na kuzitupa kapuni. Yeye alitaka kuiona ya mwanawe. Kuipata haikuwa kazi: tangu Korongo alipompita kimo, mama aliacha kumpima kwa futi. Hushika suruali kiunoni pake mwenyewe. Ikiburuta sakafuni kiasi cha kiganja, hiyo ni ya Korongo. Akasimama, akashika ya kwanza. Ikaishia kwenye kisigino. Ya pili ikaishia juu ya kifundo. Ya tatu ilikuwa fupi, ya msichana mfupi kabisa, pindo lake limeachwa pana kama vile mkataji alimwonea huruma. Ya nne ikaja sawasawa na yeye mwenyewe.

Akainama kapuni, akapekua. Hapakuwa na nyingine. Akazishika tena zote, moja moja, akijinyoosha kama askari.

"Unacheza ngoma?" Bi Vifungo aliuliza.

"Hakuna ya Korongo."

"Labda Bosi hajaikata."

Akamfuata Bosi kwenye meza ya kukatia. Bosi hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa.

"Bosi, wasichana wa timu walipimwa lini?"

"Wiki iliyopita. Katibu wa chama alileta vipimo."

"Wanne tu?"

"Wanne. Tiketi ni nne."

"Na mchujo ni leo?"

Bosi akauweka mkasi chini, jambo analolifanya mara chache. "Mama, mimi nashona, sichagui. Mfadhili atakuwepo uwanjani, wanataka kupiga picha leo leo, wamevaa. Unadhani watu wanapiga picha na kitambaa kwenye jora? Nenda kamalizie."

Mama Korongo alishuka ngazi mpaka kwenye mlango wa duka la chini, akapiga simu ya mwanawe. Alitaka kusema neno moja tu: usitoke. Ukisikia kengele, kimbia. Lakini iliyopokea ilikuwa sauti ya kiume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Nipe Korongo."

"Simu zao ninazo mimi, mama. Siku ya mashindano nawakusanyia, wasisumbuliwe na marafiki. Kuna tatizo?"

Hapo ndipo angenyamaza. Angesema alitaka kumsalimu tu, angekata simu, angepanda baiskeli yake. Lakini huyu alikuwa mtu aliyefunikiwa sahani, na mama akamweleza kila kitu: suruali nne, vipimo, pindo, kiganja. Alimweleza jinsi mtu anavyomweleza ndugu kwamba ameona moshi kwenye paa lake.

"Mama yangu," Mwalimu akasema, sauti laini, "hizo ni za awali tu. Za picha. Ya Korongo itashonwa peke yake, unajua mwenyewe miguu yake. Mimi nitamwacha binti yangu?"

"Sijasema hivyo."

"Basi tulia. Nitamwachia mlinzi maneno, ukifika uingie moja kwa moja, ukae jukwaani pamoja na sisi."

Alipopanda ngazi, nusu ya moyo wake ilikuwa imeamini. Ile nusu nyingine ilikuwa inakumbuka suruali ya tatu, ile fupi.

"Bosi, naomba niende. Nitarudi jioni, nitafidia."

"Maliza, ndipo uende. Sina mtu mwingine wa pindo, na ukiniangusha leo mbele ya chama, kesho usipande ngazi zile."

Hakuwa na muda wa kubembeleza. Njia fupi ya kufika uwanjani ilipita kwenye lile kapu. Akakaa, akapiga pindo kama hajawahi kupiga. Zile suruali nne zisizo na ya mwanawe zilipita chini ya mkono wake moja baada ya nyingine, pindo limenyooka, uzi umefichwa, maana hata akiharakisha mkono wake haujui kushona vibaya. Bi Vifungo alipomaliza zipu alihamia upande wake bila kuulizwa akaanza kukata nyuzi na kukunja. Hakutania tena. Gari la chama lilipopiga honi chini, kapu lilikuwa tupu, na Mama Korongo alikuwa ameshaifungua kufuli ya baiskeli.

Gari likampita njiani, nguo zikiwa ndani.

Mlinzi wa uwanja alikuwa mtu wa makamo, sare yake imepauka mabegani. Mama aliitambua sare ile. Mifuko ilikuwa ya karakana yao.

"Kadi."

"Mimi ni mama wa mkimbiaji."

"Leo kila mwanamke ni mama wa mkimbiaji."

"Mwalimu ameniachia maneno kwako. Mama yake Korongo."

Mlinzi akamtazama vizuri, kisha akatazama baiskeli. Akajikuna shingo.

"Maneno ameniachia kweli," alisema. "Amesema mama yake Korongo akija asiingie mpaka mbio ziishe. Eti anamchanganya mtoto."

Mama Korongo aliishika baiskeli kwa mikono miwili. Kwa muda hakuona lango wala mlinzi. Aliiona ile sahani, na bakuli lililoifunika, na mtu anayenawa mikono akisema mama, leo umejishinda. Wangapi katika mtaa ule walikuwa wamemwambia asimwamini mtu wa kula bure, naye akawaambia wana wivu?

"Mama," mlinzi akasema taratibu, "mimi nalinda lango. Nyuma kule kwenye kona, wavu haulindwi na mtu."

Alizunguka mbio, akaitupa baiskeli kwenye majani, akashika wavu. Wasichana walikuwa wameshapangwa kwenye mstari. Korongo alionekana mara moja, kichwa kizima juu ya wenzake, kaptura yake ya kitambaa cha wauguzi imefuliwa mpaka inang'aa. Pembeni yake alisimama msichana mfupi mwenye viatu vipya vya rangi ya machungwa. Vipaza sauti vilikuwa vinalitaja jina la kampuni ya mfadhili, kisha muziki, kisha jina la mfadhili tena.

Bastola ikalia.

Korongo alichukua uongozi bila shida. Alikimbia kama mtu aliyetumwa dukani na hana haraka, wengine nyuma yake wakihema. Aliyemfuata kwa karibu alikuwa yule mfupi, amejificha mgongoni pake, upepo wote ukimpiga Korongo. Walipofika kwenye kona mama alipiga kelele:

"Korongo! Usitoke!"

Mtoto hakugeuka. Muziki ulikuwa juu. Raundi ya pili mama alipanda juu ya jiwe, akaingiza vidole kwenye matundu ya wavu.

"Usitoke! Hakuna suruali yako! Wamekudanganya, kimbia mpaka mwisho!"

Safari hii Korongo alimwona. Macho yao yalikutana, mama alikuwa na hakika, na mtoto akatabasamu kidogo, tabasamu la kumtuliza mtu mwenye wasiwasi, akapita. Raundi iliyofuata sauti ilikuwa imemkauka. Alisema maneno yale yale, lakini aliyasikia yeye peke yake.

Kengele ikalia. Korongo alikuwa mbele, mgongo umenyooka, hata jasho lilikuwa bado halijamlowesha. Akatazama pembeni, akapunguza mwendo, akaingia kwenye nyasi kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Msichana mfupi akapita peke yake. Jukwaa likasimama. Alipovuka mstari wa mwisho mtangazaji alipiga ukelele wa furaha, akasema huyu ni binti wa mfadhili wetu, na huo ni muda wake bora tangu aanze kukimbia.

Miguu mifupi, pindo pana. Mama Korongo aliijua suruali yake.

Lango lilifunguliwa baada ya mbio, na watu wakaingia ovyo. Korongo alimwona mama yake, akaja kwa hatua zake ndefu, anacheka.

"Mama, umeniona nilivyowavuta? Sijachoka hata kidogo. Ningeweza kurudia."

"Nimekuona, mwanangu."

"Na ulivyokuwa unapiga kelele. Mwalimu alishaniambia."

"Alikuambia nini?"

"Kwamba umepata wasiwasi kwa ajili ya nguo. Kwamba utakuja kwenye wavu upige kelele nisitoke, na nisikusikilize, kwa sababu mama akimpenda mtoto sana humharibia." Alisema hivyo akiwa bado anatabasamu, anajifuta shingo. "Usijali. Yangu itashonwa peke yake."

Mama akafungua mdomo. Ameyasema mwenyewe maneno hayo ya nguo kwenye simu, ameyakabidhi kwa mikono yake miwili, na jamaa amekwenda kuyatumia yakiwa bado ya moto. Alitaka kumwambia mtoto hapo hapo. Lakini mtangazaji aliita wanamichezo waende kwenye nyasi, na Korongo akaondoka haraka, akasimama kwenye mstari nyuma ya wale wengine.

Katibu wa chama alikuwa na mfuko mkubwa. Alitoa traksuti moja moja, akaita jina, watu wakapiga makofi. Wanaume kwanza. Kisha wasichana: wa kwanza, wa pili. Binti wa mfadhili alipewa ya kwake na baba yake mwenyewe, akaivaa palepale, ikamkaa vizuri sana. Wa nne alikuwa amefika wa mwisho katika mbio, lakini hapakuwa na aliyeshangaa isipokuwa Korongo, ambaye aliinamisha shingo yake ndefu kutazama mfukoni. Katibu aliukung'uta mfuko, akaukunja, akaubana kwapani. Wenye nguo wakasogea kwa mpiga picha. Korongo akabaki amesimama peke yake kwenye nyasi, mikono imening'inia, na kwa muda hakuna aliyemwambia chochote, hata atoke. Halafu mpiga picha akampungia mkono asogee pembeni, kivuli chake kinaingia kwenye picha.

Mwalimu alikuwa kwenye picha, safu ya nyuma. Mabega yamekaa sawa.

Picha zilipokwisha alikuja. Aliwakuta wote wawili karibu na baiskeli, Korongo amekaa chini anavua viatu.

"Shikamoo, mama."

Neno hilo lilikaa hewani likingoja jibu. Mama Korongo alimtazama usoni, akaliacha lianguke. Mwalimu akakohoa.

"Mambo yamebadilika dakika za mwisho," alisema. "Mimi mwenyewe nimeumia. Unajua wenye pesa walivyo. Lakini leo Korongo amelisaidia taifa, na viongozi wameona. Mwakani nafasi ni yake. Nimeongea nao."

"Suruali zilipimwa wiki iliyopita," mama alisema.

"Mama, haya mambo ya ndani huyaelewi."

"Na koti lako pia. Pamba ya bega nimeitia mimi asubuhi hii, nikifurahi."

Mwalimu aligusa bega lake bila kujua. Akamtazama Korongo, Korongo alikuwa anafungua kamba za kiatu na hakuinua kichwa. Basi mtu yule, kwa mazoea ya miaka ya kushonewa bure, au kwa kutafuta tu neno la kuondokea, akaitazama miguu yake.

"Hata hii suruali yenyewe inaburuta," alisema. "Kama una sindano hapo, mama, ungenipandishia kidogo. Safari ni keshokutwa."

Sindano alikuwa nayo. Siku zote anayo, imechomekwa ndani ya kola na uzi wake. Mkono ulianza kwenda kolani wenyewe, kwa mazoea, na mama akaurudisha chini.

"Pindo hilo nimelipiga kwa vipimo vyako," alisema. "Kama ni refu, basi wewe ndiye umefupika."

Mwalimu akacheka kicheko kikavu, akaondoka ameishika suruali kwa vidole asiikanyage.

Waliobaki uwanjani walikuwa wafagiaji. Korongo alimaliza kufungua kamba. Alitoa ile soksi yenye bitana ndani ya kiatu, akaigeuza, akaitazama mishono yake.

"Hizo nguo umezishona wewe?" aliuliza.

"Pindo. Pindo nimepiga mimi."

"Na ulishajua?"

"Nilipozishika nilijua."

"Ukazimalizia."

Mama alikuwa na majibu. Alikuwa na Bosi na ngazi zake, kodi ya chumba, uzi uliopanda bei. Alikuwa na ukweli kwamba alizimaliza upesi ili amuwahi. Yote yalikuwa kweli. Aliyapanga mdomoni, na kila alilotaka kulisema lilifanana na maneno ya Mwalimu.

"Nikazimalizia," alisema.

Korongo akarudisha soksi ndani ya kiatu, akavivaa viatu vile vile vya misumari bila kuvifunga. Kila siku, kutoka mazoezini, yeye ndiye hukimbia mbele. Leo aliizunguka baiskeli akakaa kwenye kiti cha nyuma, mgongo kwa mgongo na mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mama akasukuma, akapanda, baiskeli ikayumba kwa uzito, ikashika njia.

Pale langoni mlinzi aliwafungulia. Nje, barabara ilikuwa imejaa watu waliotoka kazini. Miguu ya Korongo ilikuwa mirefu mno kwa kiti kile, na hakuikunja. Misumari ya viatu ilikuwa inakwaruza lami na kulika muda wote, upande huu na upande ule, na watu waligeuka kutazama. Mama aliendelea kupiga pedali. Hakumwambia mtoto ainue miguu.